Picha ya Mishipa ya Mama Mkwe

Jumamosi, tarehe 9 Aprili 2016, kabla ya saa sita mchana, tulimpoteza mama mkwe wangu hapa kwenye kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi. Mtu wa mwisho kuzungumza naye nilikuwa mimi. Mke wangu hajui hilo; atalijua siku atakayosoma hapa. Ndugu zake waliokuja msibani hawakujua pia, na wangejua wangeniuliza mara moja nilikuwa natafuta nini chumbani kwa mama yao.

Ili nieleze vizuri inabidi nianzie Lilongwe, miaka mitatu nyuma, siku alipopigwa picha ya mishipa ya kichwa.

Lakini kwanza mambo ya ukwe. Huko kwetu Bukavu, Kongo, si kila ukoo uliyashika sana. Mjini watu walikuwa wameshalegea, unamkuta mtu anakula sahani moja na mama mkwe wake huku wanacheka. Ukoo wa mke wangu haukulegea. Kwao mkwe hampi mama mkwe mkono, hamwangalii usoni, hali mbele yake, halali chini ya paa moja naye, na haingii chumbani mwake. Naye mama mkwe akisikia sauti ya mkwe anageuza uso pembeni na kuvuta kitenge kichwani. Hiyo si chuki, ni heshima, na mama mkwe wangu aliifanya heshima kama mtu aliyeajiriwa kuifanya. Hakuwahi kuchukua likizo.

Tulikimbia Bukavu pamoja, tukapita Tanzania, tukafika Malawi mwaka 2004, na njia nzima hatukusemezana. Kuna lori la mahindi ambalo tulikaa mgongo kwa mgongo kwa sababu hapakuwa na nafasi nyingine, na kila lori liliporuka shimo vichwa vyetu viligongana kwa nyuma. Hakuna aliyesema pole. Jioni alimtuma binti yake aje kunipa pole.

Kambini nilimjengea nyumba yake ya matofali mabichi karibu na yetu, mlango nikauelekeza upande wa pili. Tuliongea kupitia watoto: "Muambieni bibi yenu ya kwamba unga imefika." Watoto wakiwa shuleni tuliongea kupitia kuku. Nilikuwa nasimama kando ya ua na kusema kwa sauti, "We kuku, ingia ndani, mvua inakuja, na nguo ziko inje." Baada ya dakika mama mkwe anatoka, anaanua nguo, uso umegeukia kwa jirani, na anasema, "We kuku, uambie mwenye alikutuma, aksanti." Noeli moja tulimchinja kuku yule. Mama mkwe alimwambia binti yake kwamba nyama ni tamu lakini ananihurumia, maana sasa nitapata shida ya kusema.

Mwaka 2013 kichwa kikamshika. Hakikuwa kile kichwa cha kila siku cha jua na mawazo. Alikuwa kanisani katikati ya wimbo, akasema amesikia kitu kimepasuka nyuma ya sikio, akakaa chini, kisha akalala kwenye miguu ya wanakwaya. Zahanati ya kambi ilimtuma hospitali kubwa ya Lilongwe. Daktari wa huko alimpima, akamuuliza maswali, akatuambia anaogopa kwamba mshipa mmoja wa damu ndani ya kichwa umetuna. Alinifafanulia kwa Kichewa: fikiria tyubu ya baiskeli ya kabaza, ile ya kubebea abiria, pale mpira ulipochakaa inatoa kishavu. Kishavu kikiwa kidogo unaendesha polepole. Kikiwa kikubwa kinaweza kupasuka njiani. Kujua ni kipi lazima apigwe picha ya mishipa, na picha hiyo inapigwa kwa mashine inayozunguka kichwa, baada ya kudungwa dawa ya kuifanya mishipa ionekane.

Mashine ilikuwa imekufa. Tulienda mara ya kwanza tukarudi, tukaenda mara ya pili tukarudi. Mara ya tatu tulipigiwa simu kwamba imefufuka. Daktari alinionya kwamba picha isipopatikana siku hiyo foleni inaanza upya, na hawezi kuniahidi kuwa mashine itasubiri, wala kwamba mshipa utasubiri.

Safari zile mbili za bure mke wangu ndiye aliyempeleka mama yake ndani, mimi nikibaki nje kama dereva asiye na gari. Mara hii ya tatu mke wangu alikuwa siku zozote za kujifungua. Shemeji yangu alikuwa ameshakwenda Afrika Kusini. Akina mama wa kanisa walijua Kiswahili na Kifaransa, Kichewa hawakukijua. Mimi nilikijua, kwa sababu nilikuwa nikienda na cherehani yangu soko la Madisi kushona sare za shule, na wazazi wa Madisi hawakukuacha ukate kitambaa kabla hujaelewana nao vizuri.

"Utaongea naye namna gani?" mke wangu aliuliza.

"Sijue."

"Kuku, habatakubali kumuingiza mu hospitali."

Akacheka mpaka akashika tumbo, nami nikaogopa kwamba nitapata safari mbili siku moja.

Gari la wagonjwa la zahanati lilitupakia asubuhi. Mama mkwe alikaa mbele kabisa, mimi nyuma kabisa. Katikati yetu alikaa mzee mmoja wa Kindu, Mkongo mwenzetu, mchuuzi wa sokoni kambini, Mwislamu wa kofia nyeupe, aliyekuwa anapelekwa kupigwa picha ya goti. Mtu huyo alipenda kusema. Tulipofika barabara ya lami alikuwa ameshatuambia habari ya goti lake tangu lilipokuwa zima. Nikaona Mungu amenipa kuku mpya, mwenye kofia.

Nikamweleza shida yangu kwa sauti ya chini. Alielewa upesi.

"Hata kwetu Maniema iko vile," alisema. "Mukwe ni kama moto, unaotea kwa mbali. We sema tu, mi nitafikisha."

"Muulize kama kichwa inaendelea namna gani."

Mama mkwe alikuwa kiti cha mbele tu, na alikuwa amenisikia. Nilimwona akivuta kitenge. Mzee wa Kindu akainama mbele, akamwita kwa heshima kama dada mkubwa. "Yaya, mukwe yako anauliza kama kichwa inaendelea namna gani. Hakulala usiku muzima. Analia."

"Mi silie," nikasema.

"Anasema halie," mzee akafikisha.

"Umuambie kichwa iko pale pale juu ya shingo," mama mkwe akajibu. "Na aache kulia, iko muanaume."

Hivyo ndivyo tulivyofika Lilongwe. Hospitalini tulikaa kwenye benchi refu la mbao nje ya chumba cha mashine, mama mkwe mwisho huu, mimi mwisho ule, mzee wa Kindu katikati akinyoosha goti. Akatoka mpiga picha, kijana wa Kimalawi aliyevaa koti jeupe na viatu vya mpira, akataka kuuliza maswali kabla ya kazi. Alitutazama tulivyokaa, akadhani tumegombana.

"Bambo," aliniambia kwa Kichewa, "muulize mama kama ana mimba."

Nilimweleza umri wake. Akasema ni lazima aulize, ndiyo utaratibu. Nikamgeukia mzee wa Kindu. Mzee wa Kindu akanitazama kwa huruma, akageuka.

"Yaya, banauliza kama uko na mimba."

Wamalawi waliokuwa jirani hawakujua Kiswahili, lakini walijua kwamba kuna jambo limesemwa.

"Nani anauliza?" mama mkwe akasema.

"Mukwe yako."

"Mi siulizi!" nikasema. "Ni muganga!"

"Umuambie ule muganga," mama mkwe akasema polepole, uso ukiwa ukutani, "ya kama kuna mimba, basi iko mu mushipa ya kichwa. Mi niko na vitukuu."

Vitukuu hakuwa navyo. Alikuwa na wajukuu, na mmoja bado alikuwa tumboni. Nadhani alizidisha kwa sababu ya hasira. Nilimwambia mpiga picha kwamba hana mimba.

Maswali mengine yakapita salama: figo, pumu, dawa zinazomwasha. Tukafika kwenye vyuma. Hereni zitoke, pini za kichwani zitoke, kilemba kitoke, na kama kuna meno ya bandia, yatoke. Nilipitisha habari hiyo. Hereni zikatoka. Pini zikatoka. Kwenye meno mama mkwe akamnong'oneza mzee wa Kindu sikioni, kwa muda mrefu.

"Ah!" mzee akasema kwa sauti ya sokoni. "Kumbe ya mbele mbili si yako!"

Miaka yote ile, kwenye njia ya kutoka Bukavu na kambini, hakuna aliyejua, hata binti yake. Nilitazama dari. Niliitazama vizuri sana. Hadi leo naweza kukuchorea mahali ilipokuwa imevuja.

Hapo ndipo muuguzi alipotokea na kumwita mzee wa goti aende chumba kingine, jengo la pili. Mzee aliinuka akishika ukuta. "Mutabaki namna gani?" alituuliza, akitutazama huku na huku kama mtu anayewaacha mbuzi wawili kwenye kamba moja. Hatukumjibu, kwa sababu yeyote ambaye angejibu angekuwa amemjibu mwenzake. Akaenda.

Mpiga picha alifungua mlango. Mama mkwe akasimama, kilemba mkononi, nywele zake nyeupe zimesukwa kwa uzi mweusi. Sikuwahi kuziona. Akafunga meno yake katika kitambaa cha mkononi, akatafuta pa kuyaweka. Hapakuwa na mtu mwingine, na sakafu ilikuwa chafu. Akaweka kile kitambaa kwenye benchi, katikati kabisa, akakisogeza kwa kidole upande wangu kidogo, akaingia ndani bila kugeuka. Niliyatia mfuko wa ndani wa koti, upande wa moyo, kwa sababu mfuko ule mwingine ulikuwa umetoboka. Fundi cherehani, mfuko umetoboka. Nasema ilivyokuwa.

Mpiga picha akaniita niingie nami, nimtafsirie. Chumba cha mashine kiligawanywa na kioo. Upande mmoja kitanda chembamba na lile gurudumu kubwa jeupe lenye tundu katikati. Upande wetu kompyuta na kipaza sauti kidogo kwenye shingo inayopinda. Walimlaza, wakamfunga kichwa kwa mkanda mpana, wakamwekea sindano kwenye mkono. Mpiga picha akarudi kwetu, akafunga mlango, akanivutia kipaza sauti.

"Mwambie asitikisike. Kichwa kikisogea hata kidogo mishipa inaonekana miwili miwili."

"Mimi nimwambie?"

"Mimi sijui lugha yenu, bambo."

Nilikohoa, kama ninavyokohoa kwenye ua. Nikabonyeza pale aliponionyesha. "Mama mukwe," nikasema, "banasema musitikisike."

Sauti yangu ikatokea ndani ya gurudumu, juu ya kichwa chake. Mama mkwe aligeuza uso. Mkanda ulikuwa wa kunatana, ukatoa sauti ya kitambaa kinachochanika na kuachia. Akaunyanyua ule mkono usio na sindano, akavuta shuka ya hospitali mpaka juu ya kichwa, akatulia hivyo kwa heshima zote.

"Kwa nini ametikisika?" mpiga picha akauliza.

"Kwa sababu nimemwambia asitikisike."

Alinitazama. Akaingia, akamfunua, akamfunga upya. Mara ya pili nilijaribu njia ya kuku. Sikumtaja wala kumwita. Nikasema tu, "Muntu mwenye kulala pale asitikisike." Kutoka kwenye spika mama mkwe akajibu, sauti haina meno, "Amesikia," akageuza uso na kuvuta shuka.

Mpiga picha alikaa chini. Hakuwa mtu wa hasira, lakini nje foleni ilikuwa ndefu, na akaniambia wazi: picha za bila dawa anaweza kurudia, lakini dawa ya mishipa wamepewa kipimo kimoja kwa mgonjwa. Ikishaingia mwilini inapita kichwani mara moja na kwenda zake. Akigeuka wakati huo, basi. Na kuna jambo jingine. Dawa ikiingia, joto litampanda mwili mzima na atahisi kama amejikojolea. Si kweli, hajajikojolea, lakini watu wengi wanashtuka na kuruka. "Lazima umwonye," alisema.

Nilimwomba tumngoje mzee wa Kindu. Alitoka kuchungulia, akarudi na kusema mzee wa goti amepelekwa kufungwa bandeji na anawahadithia wauguzi jambo refu.

Basi akasema atajaribu yeye. Nimfundishe neno moja tu. Nilimfundisha "usitikisike". Akalirudia mara kadhaa kama mtu anayetafuna nyama ngumu, akabonyeza, akalisema. Sijui jinsi ya kuandika alichosema. Kilikuwa na herufi zote, kila moja mahali pasipo pake.

Mama mkwe alicheka. Tulimwona kwenye kioo tumbo likipanda na kushuka. Picha ikaharibika tena, lakini mimi niliona jambo ambalo mpiga picha hakuliona. Hakugeuza uso wala hakuvuta shuka. Alicheka akiwa ameangalia juu moja kwa moja, kama mtu aliyelala kwake. Ile ilikuwa sauti ya Mmalawi, na Mmalawi si mkwe wa mtu.

Nilikivuta kipaza sauti. Niliwafikiria wateja wangu wa Madisi, hasa mama mmoja aliyekuwa akinisalimu kwa Kiswahili alichookota kwa madereva wa malori. Nikaipeleka sauti yangu puani, nikavuta mwisho wa kila neno, nikatanguliza "mama" na "asante sana" za Kichewa.

"Amayiii," nikasema. "Zikomo kwambiri. Mimi nataka wewe lala vizuriii. Kichwa hapana tikisa."

Mpiga picha aligeuka akanitazama kama nimeshikwa na homa.

Mama mkwe alikuwa hajasogea. Nilimwona akifikiri, kwa sababu mtu akilala chali anafikiri kwa mdomo. Miaka yote ile alikuwa amesikia sauti yangu kupitia ua, kupitia ukuta, kupitia kuku. Angeitambua hata ndani ya kisima. Alijua, najua kwamba alijua.

"Sawa, Mmalawi," spika ikasema.

Mpiga picha akaruka kwenye kompyuta. Picha za kwanza zikapita, safi. Sasa dawa.

"Amayi," nikasema, na jasho lilikuwa linanitoka, "sasa bantu ba hapa nataka tia dawa. Wewe tasikia moto, moto mingi. Tasikia kama..." Nikakwama. Mpiga picha alinionyesha kwa mkono niendelee. "Tasikia kama wewe nakojoa. Lakini hapana kojoa. Ni dawa tu. Pole, amayi. Pole sana."

Mwanaume wa ukoo wangu hajawahi kumwambia mama mkwe neno kama hilo, na nilingoja paa lianguke.

"Mmalawi," mama mkwe akasema, bila kusogeza hata kidevu, "ukiwa na mama mukwe, umuheshimu. Haya, tia dawa yako."

Dawa ikaingia. Gurudumu likazunguka na mlio wake. Nilimwona akikunja vidole vya miguu, vyote, vikakunjika na kubaki vimekunjika mpaka mashine ikanyamaza. Kichwa hakikusogea. Mpiga picha akapiga meza kofi, akasema hajawahi kupata mishipa iliyotulia namna ile.

Daktari alituonyesha picha alasiri kwenye kompyuta yake. Mzee wa Kindu alikuwa amerudi na bandeji yake, akakaa katikati kama kawaida. Niliwaza kwamba tutaona kichwa, lakini kichwa kilikuwa kimeondolewa na mishipa ikabaki peke yake, myeupe, imetawanyika kama mizizi ya muhogo ulioupukuta udongo. Daktari akaweka ncha ya kalamu mahali mishipa miwili inapoachana. Palikuwa na kishavu, mfano wa punje ya mtama.

Alieleza kwa utulivu. Kishavu kipo, ni kidogo. Upasuaji wake haufanyiki hapa, na kwa ukubwa ule na umri wake hata kama ungefanyika angefikiri mara mbili. Atumie dawa za presha kila siku, apunguze chumvi, asibebe mizigo. Kinaweza kukaa hivyo miaka. Kinaweza pia kisikae. Sikumficha mzee wa Kindu neno lolote, naye safari hii hakuongeza lake. Alifikisha kila kitu kama kilivyokuwa, kwa sauti ndogo.

Mama mkwe aliitazama picha muda mrefu. "Ni ya mi hii yote?"

"Ni ya we, yaya."

"Ni safi," akasema. "Waulize kama ule Mmalawi wa ndani anaonaka wapi, nimuambie aksanti."

Mzee wa Kindu akanigeukia kuuliza Mmalawi gani. Nilisema sijui, labda ameshakwenda kwao.

Kwenye gari la kurudi mama mkwe alikaa mbele, mkono mdomoni. Nikakumbuka mfuko wangu. Nilikitoa kile kitambaa, nikakiweka kwenye kiti cha mzee aliyekuwa amesinzia, nikasema hewani kwamba kuna mtu amesahau kitambaa chake. Mkono ukaja nyuma, ukakichukua. Baada ya kona moja nilimsikia akianza kuimba wimbo wa kwaya, tangu pale alipoukatiza siku ile alipoanguka.

Mtoto wetu alizaliwa wiki hiyohiyo. Mama mkwe aliacha chumvi na kuendelea kutulalamikia kwa sababu ya chumvi. Dawa alikunywa. Na kwa miaka mitatu alimhadithia kila mtu habari za Mmalawi. Alisimama hata kanisani siku ya shuhuda. "Kule mu mashine kulikuwa kijana mumoja Mmalawi," alisema. "Swahili yake mubaya, bandugu, mubaya sana! Lakini iko na heshima kupita batoto ba kwetu. Tumuombee." Tukamwombea. Mimi nilikuwa upande wa wanaume, nimefumba macho, najiombea. Wanawake wa jirani walipomwuliza huyo Mmalawi anafananaje, alisema hakumwona, alisikia sauti tu, lakini kwa sauti ile ni mtu mwembamba na mfuko wake umetoboka.

Mbele yangu hakubadilika. Aligeuza uso, alivuta kitenge. Tukafuga kuku mwingine.

Asubuhi ya ile Jumamosi kichwa kilimrudia, nyuma ya sikio lile lile. Mke wangu alimlaza, akamwambia asijisogeze, akachukua mtoto mgongoni na kukimbia zahanati kutafuta gari. Wale watoto wakubwa walikuwa wametumwa kisimani. Mimi nikabaki kando ya ua, mahali pa mkwe, nikisikiliza.

Alimwita binti yake. Akaita tena. Kisha akaomba maji, na sauti ikawa ya chini. Nikasema, "We kuku, mama anarudi sasa hivi," lakini kuku hakuwapo, na nilisikia kitanda kikilia. Alikuwa anajaribu kuinuka.

Nikaipeleka sauti puani.

"Amayiii," nikasema. "Kichwa hapana tikisa. Mimi naleta maji."

Kitanda kikanyamaza.

Nikazunguka nyumba niliyoijenga mwenyewe, nikaingia kwa mlango ambao sikuwahi kuupita tangu nilipoutia bawaba. Mtungi ulikuwa kwenye kona, kikombe cha bati juu ya ndoo ya unga. Nikachota, nikapiga goti, nikashika shingo yake kwa nyuma kama nilivyowaona wauguzi wakifanya. Hakugeuza uso. Aliniangalia machoni wakati wote alipokuwa anakunywa, matone machache tu, mengine yakateremka kidevuni.

"Aksanti, Mmalawi," akasema. Akapumua kidogo. "Rudisha kikombe pale ulikitoa. Mukwe wangu asijue ya kama uliingia mu chumba yangu."

"Zikomo, amayi," nikasema.

Nikakisuuza kikombe, nikakirudisha juu ya ndoo ya unga, nikatoka, nikaenda kusimama kando ya ua.